GPS ya Mkononi Yenye Ramani: Namna ya Kuichagua na Kuiandaa kwa Mapori ya Tabora

Ukitoka Sikonge kuelekea kusini, ukaacha barabara na kuingia porini kwa miguu, baada ya nusu saa huna tena kilima cha kutazama. Nchi ni tambarare, mitundu na miyombo ni ile ile kila upande, na mbuga (bonde wazi la nyasi) uliyovuka asubuhi inafanana na hii uliyosimama ukingoni mwake sasa. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana Tabora hupita utosini kabisa, na kwa muda mrefu kivuli chako hakikuonyeshi chochote. Watu hupotea hapo, na si wageni peke yao. Wamepotea wawindaji wenye leseni wa miaka mingi, wamepotea warina asali waliozaliwa huko huko.

Mimi nilipotea Oktoba moja nikiwa na simu mkononi yenye ramani nzuri. Chaji iliisha saa tisa alasiri. Nililala ukingoni mwa mbuga bila maji, na asubuhi nikasikia shoka la warina asali, nikalifuata. Kambi yangu ilikuwa kilomita mbili na nusu tu kutoka nilipolala. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue GPS gani, namuuliza kwanza: itakurudisha kambini siku ya nane kama ilivyokurudisha siku ya kwanza? Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata swali hilo, na ndiyo maana naanza na betri, si na ramani.

Hatua ya kwanza: hesabu safari yako kwenye karatasi

Kabla ya kutazama bei, andika mambo manne: unakaa siku ngapi, unatembea saa ngapi kwa siku, unaingia pori gani, na mko wangapi. Mtu anayekwenda kukagua mizinga ya siku mbili karibu na kijiji hahitaji kifaa cha mwindaji anayekaa kitaluni, yaani kwenye eneo lililotengwa kwa uwindaji, siku kumi na nne. Wengi hununua kifaa kikubwa kwa sababu muuzaji kakisifu, kisha kinakaa kabatini kwa kuwa hawajui kukichaji wakiwa porini.

Andika pia kibali chako kinasema nini. Mtanzania anayewinda anahitaji leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni hiyo ina mipaka ya eneo, aina ya mnyama na muda. Mrina asali anayeingia msitu wa hifadhi naye ana kibali chake. Mipaka hiyo ndiyo mistari ya kwanza utakayoiingiza kwenye ramani yako, kwa hiyo ukiwa bado ofisini unapolipia, omba koodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali, za kona za eneo lako. Zinakuwemo kwenye makaratasi yao. Mara nyingi watu hawaziombi tu.

Hatua ya pili: betri

Kuna vifaa vya aina mbili. Vya kwanza vinatumia betri mbili za AA, zile unazozipata duka lolote la kijijini. Vya pili vina betri ya ndani inayochajiwa kwa waya kama simu.

Kwa mapori yetu mimi huchagua AA, na nitaeleza kwa nini kwa hesabu. Garmin eTrex 22x, ambayo ni GPS ndogo yenye ramani, imeandikwa na mtengenezaji kuwa inakaa saa 25 kwa betri mbili. Hizo ni saa 25 za betri nzuri na mwanga wa skrini ukiwa umezimwa. Ukitumia betri za bei rahisi na kuwasha mwanga mara kwa mara, hesabu saa 15. Safari ya siku kumi, saa kumi kila siku, ni saa 100. Gawanya kwa 15, unapata seti saba, yaani betri kumi na nne. Mzigo huo unaingia kwenye soksi moja. Na ukikosea hesabu, mtu wa pikipiki anayeleta unga kambini anaweza kukuletea nyingine.

Angalia unaponunua: betri nyembamba za rimoti ya televisheni ni AAA, haziingii. Nimeona kambi nzima ikikaa na kifaa kilichozimika kwa sababu aliyetumwa dukani aliomba "betri ndogo" tu.

Betri za kuchaji za aina ya NiMH ni akiba nzuri kwa anayeingia porini mara kwa mara, hasa kama kijijini kuna sola ya kuchajia. Ila ukiziweka, ingia kwenye mipangilio ya kifaa ukiambie kuwa ni NiMH. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, na kifaa kisipojua hilo kitakuonyesha kwamba betri inakwisha ilhali bado imejaa, nawe utaitupa au kuibadilisha bure.

Kifaa cha betri ya ndani kina hoja yake. Garmin GPSMAP 67 imeandikwa kukaa hadi saa 180 kwa chaji moja, na saa hizo zinamaliza safari ya siku kumi bila kugusa waya. Bei yake ni kubwa kuliko ya ile ndogo, na ikifa porini imekufa. Kama mko kundi lenye gari na uwezo, mmoja abebe hiyo na mwingine abebe ya AA.

Jihadhari na jambo moja hapa. Katika familia ya eTrex kuna SE na kuna Solar, ambazo zinakaa muda mrefu sana kwenye betri na zinavutia kwa hilo. Skrini zake hazionyeshi ramani. SE inategemea simu kwa ramani. Kwa kurudi kambini kwa mshale zinafaa, lakini kama umekuja hapa kutafuta GPS yenye ramani, siyo hizo.

Hatua ya tatu: inasikia setilaiti ngapi?

GPS yenyewe ni mfumo wa setilaiti wa Marekani. Urusi wana GLONASS, Ulaya wana Galileo, China wana BeiDou. Kifaa kinahitaji kusikia setilaiti zisizopungua nne ili kijue kilipo pamoja na mwinuko. Kinachosikia mifumo miwili au zaidi kina nafasi kubwa ya kupata nne nzuri hata chini ya miti. Kwa hiyo usinunue kifaa cha kale kinachosikia GPS ya Marekani peke yake.

Vifaa vya karibuni kama GPSMAP 65s husikia mawimbi mawili kutoka setilaiti moja, wimbi la L1 na la L5, na hivyo havidanganyiki kwa urahisi pale mawimbi yanapogonga miti au miamba. Je, miombo inahitaji hilo? Mimi naona kwa uwindaji na asali si lazima. Miombo si msitu mzito. Kiangazi hupukutisha majani, na hata ikiwa imejaa majani mvuani, eTrex ya kawaida hukupeleka hadi mita kumi au kumi na tano za mti wako. Ukifika mita kumi na tano za mzinga utauona kwa macho. Kule Kigoma, kwenye mabonde yenye msitu mnene yanayoshuka Ziwa Tanganyika, hapo wimbi la pili linalipa, kwa kuwa mteremko wenyewe unaziba nusu ya anga.

Ukiona sifa za WAAS au EGNOS, mifumo ya kurekebisha makosa ya GPS, kwenye boksi, usiongeze pesa kwa ajili yake. WAAS imejengwa kwa Marekani Kaskazini na EGNOS kwa Ulaya. Porini Tabora zizime kwenye mipangilio, zinakula betri bure.

Hatua ya nne: skrini, vitufe na dira

Chagua vitufe. Skrini ya kugusa ni nzuri sebuleni, lakini mkono wenye asali, jasho au damu ya mnyama hauielewi, na wakati mbung'o wanakuuma shingoni huna subira ya kugusa mara tatu. Skrini za vifaa hivi husomeka vizuri juani bila kuwashwa mwanga, kinyume cha simu. Ukinunua, itoe nje uitazame jua likiwa kali kabla ya kulipa.

Kuhusu dira, soma vizuri. eTrex 22x haina dira ya ndani. Mshale wake unajua upande unaoelekea pale tu unapotembea. Ukisimama, unaweza kuzunguka hovyo. Ndugu yake 32x ina dira inayofanya kazi hata umesimama, pamoja na kipimo cha mwinuko cha hewa. Tofauti hiyo si kasoro kubwa ukiijua: tembea hatua ishirini moja kwa moja, mshale utatulia. Asiyejua hilo husimama, hutazama mshale, huufuata unakoonyesha, na kumbe unaonyesha nyuma. Kwa mwenye dira ya ndani, isogeze mbali na bunduki na panga unapoisoma, kwa kuwa chuma huivuta, na uipime upya kila unapobadilisha betri.

Kinga ya maji ya kiwango cha IPX7, yaani kuvumilia mita moja ya maji kwa nusu saa, inatosha. Karibu vifaa vyote nilivyotaja vinayo, alimradi mpira wa kifuniko cha betri haujakatika.

Hatua ya tano: ramani, na hapa tuketi

GPS nyingi zinazofika kwetu zimetengenezwa kwa soko la Ulaya au Marekani. Ukiiwasha unakuta njia za miguu za milima ya Ulaya, lakini ukiisogeza Tabora unaona mstari wa reli, barabara moja na weupe. Wengi hukata tamaa hapo na kusema kifaa ni kibovu. Kifaa ni kizima. Kimeletewa ramani ya nchi nyingine. Ramani ya kwako utaiweka mwenyewe, na habari njema ni kwamba haigharimu kitu zaidi ya bando na kadi ya memori.

Anza na ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea na hutolewa bure. Kuna tovuti zinazoigeuza kuwa faili la Garmin, mfano BBBike, ambako unachora kisanduku juu ya eneo unalotaka na kutumiwa faili. Nunua kadi ndogo ya microSD isiyozidi GB 32, iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32. Ndani yake tengeneza folda iitwayo Garmin, weka humo faili lenye mwisho wa .img, rudisha kadi kwenye kifaa, kisha nenda kwenye mipangilio ya ramani uiwashe mpya na kuizima ile iliyokuja nacho. Ukiziacha zote mbili zimewaka, moja hufunika nyingine na utadhani hukufanya kitu.

OpenStreetMap itakupa barabara, vijiji, mito mikubwa na sehemu ya njia za magari ya kukata magogo. Haitakupa mbuga zote, na mbuga ndizo alama za nchi yetu. Kwa hiyo ongeza picha ya setilaiti. Hii ndiyo kazi iliyobadilisha safari zangu kuliko kifaa chochote.

Ulaya wana setilaiti za Sentinel-2, na picha zake hutolewa bure kwenye tovuti ya Copernicus. Nukta moja ya picha ni mita 10 ardhini. Chagua picha ya mwisho wa kiangazi isiyo na mawingu. Mbuga huonekana kama vidole vyeupe katikati ya msitu, na maji yaliyobaki huonekana kama madoa meusi. Ipakue kama picha ya JPEG. Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ongeza picha hiyo juu ya ramani, vuta kona zake hadi mito na barabara zikae mahali pake. Hifadhi kama faili la KMZ, lipeleke kwenye folda ya CustomMaps iliyo ndani ya folda ya Garmin. Kila kipande cha picha kisizidi nukta 1,024 kwa 1,024, la sivyo kifaa kitaififisha, na vipande vyote kwa pamoja visizidi mia moja kwenye vifaa vya kawaida. Piga hesabu uone ulivyo na nafasi: nukta 1,024 zenye mita 10 kila moja ni kama kilomita kumi kwa kumi. Vipande tisa vinafunika eneo la kilomita thelathini kwa thelathini, na huko ndiko miguu yako itakakoishia kwa wiki mbili.

Mistari ya mwinuko ambayo watu huisifu sana, Tabora ina faida ndogo. Mingi inatokana na vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, na katika nchi tambarare kosa la vipimo hivyo linaweza kuwa kubwa kuliko vijiinuko vyenyewe. Ukielekea Mahale au Gombe huko Kigoma, iweke bila kusita.

Tabaka la mwisho ni mipaka, na hapa nazungumza kwa uzito. Ugalla ilikuwa pori la akiba. Mwaka 2019 ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa leseni. Ramani ya zamani, ya karatasi au ya kwenye kadi uliyoazimwa na rafiki, bado inaweza kukuandikia pori la akiba, na ukikutwa ndani na bunduki ramani hiyo haitakutetea. Pata koodineti za mpaka kutoka ofisi husika: TAWA kwa mapori ya akiba na vitalu, TANAPA kwa hifadhi za taifa, TFS kwa misitu, na ofisi ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori kwa maeneo kama Ipole au Uyumbu. Ziingize kwenye BaseCamp, programu ya bure ya Garmin ya kompyuta, zichore kama treki (mstari wa njia) moja yenye rangi nyekundu, uipeleke kwenye kifaa. Kisha jiwekee mpaka wako mwenyewe nusu kilomita kabla ya ule wa kweli. Mnyama aliyejeruhiwa hasimami kwenye mstari, na ukikaribia kwa haraka unahitaji nafasi ya kusimama na kufikiri.

Hatua ya sita: namba ziseme lugha moja

Vurugu kubwa za koodineti hazitoki kwenye setilaiti, zinatoka midomoni. Mtu anapiga simu anasema mzinga uko "tano nukta hamsini kusini". Je, ni nyuzi 5.50, au nyuzi 5 na dakika 50? Nyuzi 5.50 ni nyuzi 5 na dakika 30. Tofauti ni dakika 20, na dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85. Umemtuma mtu kilomita 37 pembeni.

Nashauri kundi zima litumie UTM, mfumo mwingine wa kuandika koodineti, kwa sababu namba zake ni mita na kila aliyesoma kutoa na kujumlisha anazielewa. Chukua mfano. Kambi iko 448 200 mashariki na 9 352 600 kaskazini. Mzinga uko 451 400 mashariki na 9 355 000 kaskazini. Toa: mzinga uko mita 3,200 mashariki ya kambi na mita 2,400 kaskazini yake. Kwa mstari wa moja kwa moja ni mita 4,000 kamili. Hesabu hiyo unaifanya kwa kijiti mchangani hata kifaa kikiwa kimezimika.

UTM imegawa dunia kwa kanda. Tabora yote iko ukanda wa 36 Kusini. Mpaka wa kanda ni longitudo ya nyuzi 30, na mstari huo unakata mkoa wa Kigoma: mji wa Kigoma uko ukanda wa 35, Uvinza na Kibondo ziko wa 36. Anayefanya kazi bonde la Malagarasi kutoka Uvinza kushuka ziwani ataona namba zinaruka ghafla. Hapo ni bora atumie nyuzi za desimali mwanzo hadi mwisho.

Na kama una ramani ya karatasi ya serikali, ile ya mizani ya 1:50,000, soma pembeni yake. Nyingi zimepimwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS ikitoka kiwandani hutumia WGS 84. Ukisoma namba kwenye karatasi na kuiingiza kwenye kifaa bila kubadilisha msingi huo, utakosea kama mita 300. Katika msitu wa miombo mita 300 ni sawa na kutofika. Badilisha kwenye mipangilio unapoingiza namba za karatasi, kisha rudisha WGS 84.

Hatua ya saba: kuinunua

Kwa anayewinda kwa leseni au anayerina asali siku tano hadi kumi, pendekezo langu ni eTrex 22x, au 32x ukiweza kuongeza. Kwa mwongozaji wa wageni au kiongozi wa doria, GPSMAP 65s; ila ujue betri zake mbili hukaa saa 16 kwa maandishi ya mtengenezaji, hivyo mzigo wa betri unaongezeka. Nimetaja Garmin kwa kuwa ndizo ninazozitumia na ndizo zinazoandaliwa ramani za bure kwa wingi.

Vya mitumba ni vingi, na vingine ni vizuri. Vikague hivi. Fungua kifuniko cha betri: kutu ya kijani kwenye vyuma ina maana betri zilivujia ndani. Bonyeza kila kitufe mara kumi. Kiwashe nje, mahali penye anga wazi, usubiri. Kilichosafirishwa kutoka mbali kinaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, kwa hiyo muuzaji asikuharakishe. Kisha tazama tarehe. Tarehe 6 Aprili 2019 kaunta ya wiki ya mfumo wa GPS ilirudi sifuri, na vifaa vya zamani ambavyo programu zake hazikusasishwa vilirudi nyuma wiki 1,024, karibu miaka ishirini. Kifaa cha hivyo kinaweza kukuonyesha mahali sahihi, lakini saa ya machweo na majina ya treki yatakuwa ya kubuni. Mwisho kiunganishe na kompyuta, uone folda zinafunguka.

Vifaa vyenye uwezo wa kutuma ujumbe kwa setilaiti, kama GPSMAP 67i, vinaweza kuokoa maisha mahali pasipo na mtandao. Kabla ya kukinunua nje na kukileta, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, masharti ya vyombo vya mawasiliano ya setilaiti, na uhesabu ada ya kila mwezi.

Simu usiiache. Pakua programu ya ramani ya OsmAnd au Organic Maps pamoja na ramani ya Tanzania, iweke hali ya ndege, izime kabisa, ikae kwenye mfuko wa nailoni kama akiba.

Hatua ya nane: siku ya kwanza porini

Ukifika kambini, kabla ya kutua mzigo, washa kifaa. Kiweke mahali pa wazi, subiri usahihi ushuke chini ya mita kumi, ndipo uchukue pointi ya kambi. Ukiwa na muda, tumia uwezo wake wa kuchukua wastani wa vipimo vingi. Iite KAMBI. Kisha tembea mita mia moja, kiambie kifaa kikurudishe, uone kama kweli kinakufikisha kwenye mafiga. Jaribio hilo la dakika tano lifanywe na kila mtu wa kundi, siyo mwenye kifaa peke yake, kwa sababu siku mwenye kifaa akivunjika mguu mwingine ndiye atakayekishika.

Washa kurekodi treki, uiache ikirekodi mchana kutwa. Wakati wa kurudi usikimbilie mshale wa moja kwa moja. Mshale haujui mbuga iliyojaa maji wala kichaka cha miiba kati yako na kambi. Treki yako ya asubuhi inajua, kwa kuwa uliipita kwa miguu yako. Kifunge begani au kwenye mkanda wa begi, uso wake ukitazama juu. Ukikitia mfuko wa suruali, mwili wako ambao umejaa maji unaziba mawimbi, na treki inakuwa ya kukatika katika.

Weka saa ya UTC+3, yaani saa ya Tanzania, kisha tazama machweo ya siku. Wanaotoka Dar es Salaam hushangaa kwamba huku jua huzama karibu nusu saa baadaye kuliko kwao. Wenyeji wa huku wakienda pwani hushikwa na giza. Piga hesabu ya kugeuza: kama umechukua saa nne kwenda, geuka zikiwa zimebaki saa tano hadi machweo.

Niliwahi kuongozana na mzee mmoja mrina asali, upande wa Ipole, ambaye hajawahi kuhitaji kifaa hiki. Tulipopumzika alikitazama mkononi mwangu akauliza, "Mwanangu, hicho chombo kinajua maji ya Oktoba yako wapi?"

"Hakijui, baba. Kinajua nitakachokiambia."

"Basi kiambie."

Siku ile tulizunguka naye visima vitatu vya bondeni ambavyo havimo kwenye ramani yoyote, nikachukua pointi kila kimoja. Tangu hapo naandika mwezi kwenye jina: MAJI-OKT, MAJI-JUL, KAVU-SEP. Pointi ya maji isiyo na mwezi inaweza kumuua mtu, maana kisima cha Juni kinaweza kuwa udongo mkavu Septemba. Vivyo hivyo vivuko: VUKO-KIANGAZI si kivuko Februari. Mizinga naipa herufi ya ukoo wa mwenye nayo na namba. Majina yawe mafupi, kwa kuwa skrini ya inchi 2.2 haina nafasi ya hadithi.

Kabla hujaondoka kijijini, nakili koodineti ya kambi unayokusudia kwenye karatasi, pamoja na siku ya kurudi, umwachie mtu atakayekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyo ikipita. Andika pia ni UTM ya ukanda gani. Na ukirudi salama, toa betri kwenye kifaa siku hiyo hiyo zisije zikavuja, hamisha treki na pointi kwenye kompyuta kwa jina la pori na mwezi, kisha waite wenzako mkae mpitie pointi moja moja: ipi ina maji bado, ipi imekauka, ipi ifutwe.